Dubu wa Mtini

Familia ya kisa hiki nimeitunga. Bahari, ndege, jumba la makumbusho na waziri mkuu watakaotajwa humu sikuwatunga, na shida yote imetoka hapo.

Tuiweke familia hiyo kwenye mji mdogo wa pwani ya New South Wales, kaskazini ya Sydney. Baba ni fundi umeme, mama ni muuguzi, wana binti wa miaka tisa na mbwa mmoja mzee. Mwaka huo walijitolea kumpokea mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Ujerumani, kijana wa miaka 16 wa mji wa Erfurt, akae nao mwaka mzima na kusoma sekondari ya mtaani kwao. Katika programu nyingi za namna hii mwenyeji halipwi chochote. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo: AFS, kwa mfano, kilikuwa chama cha madereva waliobeba majeruhi katika vita vyote viwili vya dunia, kisha mwaka 1947 kikaanza kuwapeleka wanafunzi kuishi nchi za watu, wakiamini kwamba vijana waliokula meza moja hawatapigana upesi. Kwa hiyo mgeni haji kupanga chumba. Anakuja kuwa mtoto wa nyumba. Anaosha vyombo, anagombezwa, na akipendwa anataniwa.

Kijana alifika Julai, ambayo upande ule wa dunia ni katikati ya msimu wa baridi. Wenyeji walikuwa wamemwandalia kofia pana na mafuta ya kuzuia jua. Kilichompokea ni baridi. Nyumba nyingi za pwani ile zimejengwa kwa kuliwazia joto tu: kuta nyembamba za mbao, madirisha ya kioo kimoja, hita moja sebuleni, na usiku wa Julai nyuzi hushuka chini ya 10. Yeye alitoka kwenye kuta nene, madirisha ya vioo viwili na mabomba ya maji moto katika kila chumba. Usiku wa pili alitokea sebuleni amejifunga blanketi, akasema, "Nyumba yenu ina baridi sana." Hakuwa analalamika, alikuwa anatoa taarifa. Mama alisikia tusi. Asubuhi yake alimkuta kijana yuleyule amefungua madirisha yote ya chumbani ili hewa ibadilike, kama wafanyavyo kwao hata theluji ikianguka, kuta zisije zikaota ukungu. Mama akaamua kwamba mtoto huyu ama ana kiburi ama hana akili timamu.

Basi ikawa hivyo tangu wiki ya kwanza. Yeye akisema kweli, wao wanasikia tusi. Wao wakifanya mzaha, yeye anasikia taarifa. Hakuna aliyeliona hilo, kwa kuwa kila upande ulidhani lugha ya Kiingereza imeshamaliza kazi.

Siku moja wakiwa mezani baba alimwonya juu ya dubu anayedondoka. Huu ni mchezo wa nchi nzima. Kuna mnyama, humwambia mgeni, anayefanana na koala lakini mkubwa na mla nyama, anayekaa juu ya mikaratusi akisubiri mtu apite chini ili amdondokee shingoni. Dawa yake ni kupaka Vegemite nyuma ya masikio, yaani ule uji mzito mweusi wa hamira, wenye chumvi kali, ambao wao huupaka kwenye mkate bila hata kukunja uso. Baba alisimulia kwa sauti ileile aliyotumia kumweleza swichi kuu ya umeme ilipo. Binti alitaka kucheka, mama akamkanyaga mguu chini ya meza.

Kijana aliuliza, "Kweli?"

Baba akamtazama machoni. "Kweli kabisa."

Mtoto aliyelelewa kuhakiki mambo hakuishia hapo. Alifungua tovuti ya Australian Museum ya Sydney, jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1827, akamkuta mnyama yupo, ana ukurasa wake, ana na jina la kisayansi: Thylarctos plummetus. Makumbusho nayo imo katika mchezo. Sijui nchi nyingine ambayo taasisi ya sayansi yenye heshima ya namna ile ingekubali kumdanganya mgeni kwa Kilatini, na ninakiri kwamba ningekuwa mwenyeji ningejivunia ukurasa huo.

Msomaji wa Tanzania ataona kwamba haya si mageni kwetu. Mchaga na Mpare wamezoea kutupiana maneno ambayo kutoka kwa mtu mwingine yangeleta ngumi, na mtani anaweza hata kuzuia jeneza msibani mpaka apewe kitu, watu wakacheka huku wanalia. Lakini utani wetu una mipaka iliyochorwa zamani. Mtani wangu anajua kwamba ni mtani wangu. Utani wa Waaustralia hauna ramani ya makabila. Mtu akikupenda anakutania, na asiyekutania ndiye wa kumwangalia vizuri. Ni upendo wa kweli, ila mpokeaji lazima awe amepewa habari kwamba ni mchezo. Wapo wasemao Wajerumani hawajui mzaha. Huo ni uvivu wa kufikiri. Kijana huyu alikuwa na mizaha yake, lakini alikotoka mtu mzima anayemfundisha mtoto habari za hatari hayumo kazini kuchekesha.

Kosa la familia halikuwa kumtania. Mchezo ule ungefichuliwa mezani palepale, au kesho yake wakati wa chai, kijana angecheka, angejifunza namna nchi ile inavyomkaribisha mtu, na pengine wiki iliyofuata angemtungia baba uongo wa Kijerumani. Lakini ulikuwa mtamu mno, wakauacha uendelee wiki tatu. Habari ya kwamba dubu hayupo aliipata shuleni, mbele ya darasa, baada ya mwalimu wa baiolojia kumuuliza kwa upole kwa nini ananuka hamira.

Hakukasirika, au walau hakuonyesha. Alirudi nyumbani, akala, akaosha vyombo. Ila tangu siku hiyo "kweli kabisa" ya baba ilikuwa noti bandia, na baba aliendelea kuitumia.

Tatizo ni kwamba Australia ni nchi ambayo ukweli wake hausadikiki. Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, alipoletewa ngozi ya platipasi, mnyama mwenye mdomo wa bata na manyoya ya fuko, alishuku kwamba kuna mjanja aliyeshona viungo vya wanyama wawili. Na Shaw hakujua bado kwamba mnyama huyo hutaga mayai, wala kwamba dume lake lina mwiba wenye sumu mguuni. Mgeni aliyekwisha kudanganywa mara moja, akiambiwa mambo hayo, afanye nini?

Septemba ilipofika, majira ya machipuko ya kule, jirani alimwonya juu ya ndege aitwaye magpie, mweusi mwenye mabaka meupe. Wakati wa kuatamia, madume wengine hulinda kiota kwa kuwashambulia wapita njia, hasa waendesha baiskeli, wakija kutoka nyuma na kudona kichwani. Jirani alimshauri achomeke kwenye helmeti zile kamba nyembamba za plastiki za kubania nyaya, zisimame kama miba. Kijana alitabasamu. Vegemite ya pili hii, alijisemea. Alhamisi alirudi nyumbani na sikio linalotoka damu. Mama alimsafisha jeraha, baba akacheka, kisa kikawa cha kusimulia wageni.

Hapo ndipo ningewashika mkono. Kijana aliyeonywa wazi na jirani juu ya jambo la kweli, hakulifuata. Angekuwa mkaidi tungelaumu ukaidi, lakini mtoto huyu alikuwa akisimama kwenye taa nyekundu ya waenda kwa miguu hata barabara ikiwa tupu hadi upeo wa macho. Kuna kitu kilikuwa kimevunjika, na sikio lile lilikuwa ndiyo barua ya kwanza. Wao waliona ndege tu.

Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba walikwenda ufukweni. Kwenye fomu ya maombi, mahali palipouliza kama anajua kuogelea, kijana alikuwa amejibu ndiyo, na hakusema uongo: alikuwa na beji ya shaba ya kwao, aliyoipata kwa kuogelea mita 200 bwawani. Erfurt iko katikati ya Ujerumani, bahari iko mbali mamia ya kilomita. Familia ilisoma "ndiyo" kama wanavyoielewa watoto waliozaliwa kando ya mawimbi ya Pasifiki.

Baba hakuzembea, na jambo hili lazima lisemwe. Alimwonyesha bendera za rangi nyekundu na njano zilizosimikwa na waokoaji, akamwambia aogelee katikati yake. Kisha akamwonyesha, mbali kidogo, mahali ambapo mawimbi hayakuvunjika, maji ya rangi nzito yaliyotulia kati ya povu la kushoto na povu la kulia. "Pale usiingie. Palipotulia ndipo panapoua."

Ni kweli tupu. Mawimbi yanapoyarundika maji ufukweni, maji hayo hutafuta njia ya kurudi, yakachimba mfereji mchangani, na juu ya mfereji wenye kina wimbi halivunjiki. Kwa hiyo mlango wa mkondo unaomvuta mtu kwenda baharini huonekana kama ndiyo sehemu salama kuliko zote. Lakini hebu isikilize sentensi ile kwa masikio ya mtu aliyewahi kujipaka hamira nyuma ya masikio. Mahali penye povu na ngurumo ni salama, penye utulivu ni hatari.

"Hata waziri mkuu wetu alichukuliwa na bahari," baba aliongeza, akitaka kulitia uzito. "Hakuonekana tena. Tukalipa bwawa la kuogelea jina lake."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Kijana akacheka kwa sauti, akampiga baba begani kirafiki. Mwishowe ameujua mchezo. Baba alidhani wameelewana.

Waziri mkuu huyo ni Harold Holt. Aliingia majini Cheviot Beach, jimbo la Victoria, tarehe 17 Desemba 1967, ufukwe alioujua vizuri, na mwili wake haukupatikana hadi leo. Bwawa nalo lipo Melbourne, lina jina lake, watoto wanafundishwa kuogelea humo.

Katikati ya bendera palikuwa pamejaa watu. Kijana alitembea hadi kwenye maji matulivu, akaingia, na kwa dakika chache alikuwa na bahari yake peke yake. Alipogeuka, ufukwe ulikuwa umesogea mbali. Alifanya kila alichofundishwa bwawani: akalenga ukingo ulio karibu na kuogelea kwa nguvu zote. Mkondo haushindwi hivyo. Hata muogeleaji hodari akishindana nao uso kwa uso huchoka kwanza. Anayenusurika ni yule anayeacha kupigana, akaelea, akainua mkono juu, au akakata kwa ubavu sambamba na pwani.

Aliyemwona ni binti wa miaka tisa. Kila Jumapili asubuhi alikuwa akienda kwenye mafunzo ya Nippers, ambako vilabu vya waokoaji huwafundisha watoto kuusoma mkondo kabla hawajamaliza shule ya msingi. Alijua kwamba mtu anayepiga mikono kwa bidii ile bila kusogea hachezi. Alikimbia kwa waokoaji, lakini vijana wawili waliokuwa wakiteleza mawimbini kwa ubao walimfikia kwanza, wakamlaza juu ya ubao mmoja. Alikuwa amemeza maji mengi. Hospitali ilimlaza usiku mmoja kumwangalia.

Jioni hiyo saa kumi na mbili, ambayo Ujerumani ni saa mbili asubuhi, baba alimpigia simu mama wa kijana. Mama huyo aliuliza swali moja: mlimwambia? Baba akajibu kwamba walimwambia, na wala hakudanganya. Mratibu wa programu alipokuja Jumatatu alimuuliza kijana peke yake swali hilohilo. "Waliniambia," kijana alisema. "Waliniambia kama walivyoniambia habari za dubu."

Mratibu alitaka kumhamishia familia nyingine. Kijana akakataa, aliwapenda, hasa binti. Aliomba karatasi kubwa na rula. Akachora safu mbili, moja ya kweli na moja ya mzaha, akaibandika kwenye mlango wa friji na kuitisha familia nzima. Kila walilomwambia tangu Julai liliandikwa upande wake, na kila mtu akatia saini mbele ya neno lake, binti naye kwa kalamu ya rangi. Baba alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akachukua kalamu. Kazi ilichukua saa nzima. Upande wa mzaha ulikuwa na mnyama mmoja tu.

Jumapili babu alikuja kula chakula cha mchana. Alipokwisha kukaa alianza kumsimulia mgeni jinsi mwaka 1932 serikali ilivyotuma wanajeshi Australia Magharibi, wenye bunduki mbili za rashasha na risasi 10,000, kupigana na ndege aina ya emu waliokuwa wakila ngano, na jinsi ndege walivyoshinda. Kijana aliinuka, akamletea kalamu.

"Upande gani?" babu akauliza.

"Wewe ndiye unayejua," kijana akamwambia. Babu akavaa miwani, akaisoma karatasi yote kuanzia juu, kisha akasaini upande wa kweli.