Ustadh akihamia mtandaoni, nani wa kulaumiwa?

Katika baraza za misikiti yetu ya mijini, baada ya swala ya Isha, kuna lawama moja ambayo siku hizi haikauki. Ustadh fulani, aliyekuwa akiwasomesha watoto wa mtaa kwa miaka mingi, amepunguza siku za madrasa au ameifunga kabisa. Kisa? Amepata wanafunzi wa mtandaoni. Usiku anakaa mbele ya kompyuta au simu, anawasomesha Qur'an watoto wa Waislamu walioko Uingereza, Kanada na Ghuba, na mwisho wa mwezi analipwa kwa fedha za kigeni. Wanabaraza wanatikisa vichwa na kusema: ustadh naye kaifanya Qur'an biashara!

Lawama hii ni nzito, na Muislamu hapaswi kumtupia mwenzake lawama nzito kabla ya kuipima. Kwa hiyo tujiulize maswali mawili. La kwanza, je, kuna haramu au aibu yoyote kwa ustadh kuishi kwa ujira wa kusomesha? La pili, ikiwa hakuna, basi ni haki ya nani iliyopotea pale mlango wa madrasa ulipofungwa, na ni nani hasa aliyeipoteza?

Tuanze na la kwanza. Wanaopinga ujira hutaja Hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud. Ubada aliwasomesha baadhi ya watu wa Suffa, na mmoja wao akamzawadia upinde. Alipomuuliza Mtume (s.a.w.), alipewa onyo kali la moto. Wanaoruhusu hutaja Hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari, pale Masahaba walipomsomea Al-Fatiha mkubwa wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakalipwa kondoo. Wenzao wakaona vibaya, lakini Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba Kitabu cha Allah ndicho chenye haki zaidi ya kuchukuliwa ujira. Tena katika Hadithi nyingine mashuhuri, alimuozesha mtu fakiri asiyekuwa na hata pete ya chuma, mahari yake yakawa ni Qur'an aliyoihifadhi.

Wanazuoni waliozioanisha Hadithi hizi walisema kwamba Ubada alianza kazi ile kwa ajili ya Allah peke yake, bila sharti la malipo, kwa hiyo haikumfaa kuigeuza baada ya kuikamilisha. Hapa pana somo kubwa. Tatizo si ujira. Tatizo ni kuanza na nia moja na kumalizia na nyingine, kusema "kwa ajili ya Allah" huku jicho liko kwenye bahasha. Ukilipima hivi, ustadh wa mtandaoni anayemwambia mzazi tangu siku ya kwanza kwamba somo la nusu saa ni kiasi kadhaa, na siku za wiki ni hizi, yuko safi zaidi kuliko ule utaratibu wetu wa kutoagana chochote, kisha ustadh akabaki akisubiri huruma na mzazi akabaki akijiona mfadhili.

Wala mikataba ya namna hii si uzushi wa zama za intaneti. Muhammad bin Sahnun wa Kairouan, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kizima kuhusu adabu za walimu. Ndani yake mna masuala ambayo ustadh wa leo angeyatambua mara moja: wazazi kumkodi mwalimu kwa mwezi au kwa mwaka, malipo ya mtoto anapohitimu, mwalimu kutoshughulika na mambo yake wakati wa somo, kutowatuma watoto kazi zake binafsi, na kutombagua mtoto wa maskini mbele ya mtoto wa tajiri. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita wanazuoni walishakubali kwamba mwalimu ana tumbo na ana watoto, na kwa hiyo wakashughulika na swali la namna ya kumlipa kwa uadilifu na namna ya kumbana asizembee.

Lakini lililo muhimu zaidi ni jinsi rai ya madhehebu ya Hanafi ilivyobadilika. Maimamu wao wa mwanzo walikataza ujira wa kusomesha Qur'an. Waliokuja baadaye wakaruhusu, na al-Marghinani, mwandishi wa al-Hidaya aliyefariki mwaka 1197, ameieleza sababu: uzembe katika mambo ya dini ulikuwa umedhihiri, na kuendelea kukataza kungepelekea kupotea kwa hifdhi ya Qur'an. Zamani walimu walikuwa na posho kutoka Baitul Mal. Posho ilipokatika na watu wakalegea, mwalimu hakuwa na njia ila kutafuta chakula pengine, na madarasa yangebaki matupu.

Msomaji wangu, lizingatie hilo. Wanazuoni hawa hawakusema kwamba walimu wamekuwa na tamaa. Walisema kwamba jamii imeacha wajibu wake. Ujira uliruhusiwa kama dawa ya maradhi yaliyowapata watu, si yaliyompata mwalimu.

Watasema wengine, mbona masheikh wetu wa zamani walisomesha bure? Ni kweli, na Allah awalipe. Lakini wengi wao walikuwa na pa kulia chakula. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyetuachia tafsiri ya Qur'an kwa Kiswahili, alikuwa mwalimu wa shule za serikali kule Zanzibar, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengine walikuwa na shamba, duka au cherehani. Leo tunamtaka ustadh awe madrasani asubuhi na jioni, aswalishe, asomee wagonjwa, azike na aozeshe, kisha tunamwambia asitafute riziki kwa sababu kazi yake ni ya Allah. Kodi ya nyumba naye anailipa kwa mwenye nyumba yuleyule.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Misri ndiko lilikoota mizizi, kwa sababu wahitimu wa Al-Azhar ni wengi na ajira ni chache. Serikali ya huko ilipoiachia sarafu yake Novemba 2016, pauni ya Misri ilipoteza karibu nusu ya thamani yake mbele ya dola. Machi 2024 ikaanguka tena, kutoka takriban pauni 31 hadi karibu 50 kwa dola moja. Mshahara wa ndani ukayeyuka, lakini ada ya mtoto mmoja aliyeko Marekani, ikiwa dola ni zilezile, ikazidi kununua mkate Cairo. Nani atamshangaa hafidh aliyeuelekeza uso wake kwenye kioo cha kompyuta? Kwetu mlango ulifunguka zaidi mwaka 2020, wakati wa corona, wazazi walipozoea kuona kwamba mtoto anaweza kusikilizwa sura yake kwa simu.

Na kazi yenyewe si ya mteremko kama inavyodhaniwa barazani. Mtoto wa London akikaa kusoma saa 11 jioni wakati wa baridi, Dar es Salaam ni saa 2 usiku. Wa Toronto akikaa saa 12 jioni, kwetu ni saa 8 usiku. Wapo wanaosomesha chini ya vyuo vya mtandaoni, ambavyo hutafuta wanafunzi, hukusanya ada na kumkatia mwalimu fungu lake. Aliyeamua kujitegemea huipata ada yote, lakini na mzigo wote ni wake: bando lake, umeme ukikatika hasara ni yake, mzazi akitoweka bila kulipa hana pa kushitaki, akiugua hakuna mshahara, akizeeka hakuna pensheni.

Hata hivyo, uhalali wa ujira haumfutii ustadh amana. Mtandaoni hakuna anayemjua mwenzake, na hapo ndipo uongo unapopata nafasi. Asiye na ijaza asijitangaze kuwa nayo. Anayesoma tajwidi kwa kubahatisha ajifunze kwanza. Mtoto asomeshwe mzazi akiwa karibu na mlango ukiwa wazi, kwa usalama wa mtoto na heshima ya mwalimu. Na mzazi aliyelipia nusu saa apewe nusu saa, si dakika 20 na salamu. Tena mzazi wa ughaibuni naye asijidanganye: kioo kitamfundisha mwanawe makhraj, lakini adabu mtoto huipata kwa kumuona mwalimu wake akitawadha, akisamehe na akimpisha mzee.

Sasa turudi kwenye swali la pili. Mtoto wa London amepata mwalimu. Ustadh amepata riziki ya halali. Aliyekosa ni mmoja tu: mtoto wa Mbagala, wa Manzese, wa Kisauni, ambaye mzazi wake hawezi kushindana na pauni. Huyu ndiye mwenye haki iliyopotea. Na kusomesha Qur'an ni fardhi kifaya. Wakitosha wanaoisimamia, wengine wamesalimika; ikiachwa kabisa, dhambi ni ya wote wenye uwezo. Haikuandikwa mahali popote kwamba fardhi hiyo ni ya ustadh peke yake na njaa yake.

Tujichunguze. Mwalimu wa tuisheni ya hisabati tunamlipa kabla mwezi haujaisha, na akipandisha bei tunanung'unika lakini tunatoa. Ada ya madrasa tunaiweka mwisho wa orodha, nyuma ya king'amuzi, na mtoto akitumwa na ustadh kuja kuikumbushia tunasema ustadh ana tamaa. Misikiti yetu inachangisha mamilioni kwa ajili ya marumaru na mazulia, na hakuna anayeona ajabu kwamba anayesomesha chini ya mazulia hayo hana mshahara. Mtume (s.a.w.) ametufunza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Jasho la ustadh limekauka mara ngapi?

Dawa inajulikana, kwa sababu waliotutangulia waliitumia. Karne nyingi madrasa za Kiislamu zilisimama kwa wakfu: duka, nyumba au shamba ambalo pato lake lilimlipa mwalimu, ili mtoto wa maskini asome bila kuulizwa kitu. Msikiti wenye fremu za maduka barabarani unaweza kuitenga kodi ya fremu moja iwe mshahara wa ustadh, kwa maandishi, ili kamati ikibadilika isiweze kuuondoa. Waumini 50 wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, hiyo ni shilingi 500,000. Na ustadh wa mtandaoni, aliyeneemeshwa kwa elimu ileile aliyoipata bure kwa sheikh wake, ana deni la kuwatengea watoto wa mtaa wake siku mbili tatu kwa wiki. Hiyo ndiyo zaka ya elimu yake.

Lakini asianze yeye kudaiwa. Kabla hatujamuuliza ustadh kwa nini ameondoka, tumjibu kwanza alipokuwepo tulimlipa nini.

Wabillahi tawfiq.