HASARA NI YA NANI?



Wengi wenu mmetuuliza sisi mashemasi juu ya ile saa iliyotenganisha nyumba mbili za kusanyiko letu. Wazee wamekwisha kusikiliza pande zote mbili, nao wenye jambo wamekubali niandike bila kutaja majina. Siandiki ili kumwaibisha mtu. Naandika kwa sababu jambo hili laweza kumpata kila mmoja wetu, hata yule asiyevaa saa.

Lilianza hivi. Ndugu mmoja, ambaye Mungu amembariki katika kazi yake, alitamani saa ya Kijapani iitwayo Grand Seiko. Hiyo si saa ya kupanga juu ya meza sokoni. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1960, na leo bei yake ni maelfu ya dola. Kiwanda huiuza kwa mkono wa maduka kiliyoyachagua chenyewe, na katika mji wetu duka la namna hiyo halipo. Basi ndugu akampa dola 2,000 mama mmoja wa kusanyiko, anayekwenda Dubai kununua vitenge. Akamwagiza mambo matatu: tafuta bei ya chini, usiingie katika maduka makubwa, na wakati wa kurudi uivae mkononi, ili watu wa duane wasijue kwamba ni mpya.

Mama akarudi na saa. Ndugu akaivaa kwa furaha, na sisi sote tuliitazama wakati wa matangazo. Nami niliitazama. Baada ya majuma matatu fundi wa saa aliishika, akatikisa kichwa. Saa ile iliuzwa kwa jina la mashine iitwayo Spring Drive. Katika mashine hiyo mshale wa sekunde huteleza pole pole kama maji, hausimami wala hauruki. Mshale wa saa ya ndugu uliruka kila sekunde. Ilikuwa saa ya bandia.

Ndugu akasema, “Mama amekula feza zangu.” Mama akalia, akasema kwamba alilipa dola zote 2,000. Tangu siku ile watoto wao hawasalimiani. Wengine wakataka tufunge na kukesha ili mwizi afunuliwe kwa maono. Maombi ni mema. Lakini si vizuri kumwomba Mungu atuonyeshe kwa ndoto jambo ambalo tunaweza kuliona kwa macho tuliyopewa naye.

Swali la kwanza ambalo wengi waliuliza ni hili: je, ni dhambi mwamini kuvaa saa ya maelfu ya dola? Kila mtu atajibu mbele za Mungu juu ya mali yake, naye akumbuke jirani ambaye mtoto wake wa sekondari amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Lakini nimeona kwamba swali hili latupendeza sana sisi tusio na saa, maana latuacha bila kosa. Kuna swali lingine linalotugusa wote: hasara ikija, ni ya nani?

Fikirini. Katika duka lililopewa ruhusa na kiwanda, mtu halipi chuma tu. Anapewa karatasi ya garanti yenye namba ya saa, tarehe na jina la duka. Saa ikiharibika, kuna mlango wa kubisha, na kuna mtu wa kujibu. Anayeuza nje ya maduka hayo si lazima awe mwizi. Wako wanaouza saa za kweli kwa bei ya chini bila garanti ya kiwanda. Lakini bei hiyo ina sababu yake: mzigo wa hasara umetoka begani mwa muuzaji, umewekwa juu ya mnunuzi. Anayejua hivyo na kukubali hakutenda dhambi. Dhambi inaanza pale anapojichukulia faida ya bei ya chini, lakini hasara anamwachia mwingine.

Tazama mfano wa mtu aliyeanzisha kazi ya Seiko, Kintaro Hattori, aliyefungua duka lake Tokyo mwaka 1881. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la nchi na moto viliharibu kiwanda chake. Ziliungua pia saa karibu 1,500 ambazo wateja walikuwa wameleta zitengenezwe. Tetemeko halikuwa kosa lake. Angeweza kusema, “Mimi pia nimepoteza vyote.” Lakini aliwapa wenye saa hizo saa mpya mahali pa zile zilizoungua. Alichukua hasara ya wengine wakati yeye mwenyewe alikuwa katika hasara.

Ndugu yetu alifanya kinyume. Alichagua njia ya hatari, akamtuma mama aipite. Kama watu wa duane wangemkamata, nani angelala ndani? Si mwenye saa. Na torati, katika kitabu cha Kutoka sura ya 22, haimhukumu kwa haraka mtu aliyewekewa mali ya mwenzake ikapotea. Yataka ijulikane kwanza kama yeye mwenyewe aliigusa mali hiyo. Hakuna aliyeonyesha kwamba mama aligusa hata dola moja.

Lakini mama naye hana mikono safi yote. Alikubali kuwadanganya watu wa duane. Tena alikiri kwamba muuzaji alikataa kumpa karatasi yoyote, naye alinyamaza kwa kuogopa kurudi mikono mitupu. Kama angesema neno hilo kabla ya kulipa, feza zingekuwapo leo. Kunyamaza kwake si wizi, lakini kumeumiza.

Basi wazee waliamua hivi: hasara ni ya ndugu, kwa sababu yeye alichagua bei. Aombe msamaha kwa mama kwa kumwita mwizi, mbele ya watu wale wale waliosikia. Mama aombe msamaha kwa kunyamaza kwake. Wote wawili watubu neno la duane.

Nanyi wapendwa, mkimtuma mtu na feza, iwe kwa saa, dawa au kitenge, semeni mbele ya shahidi: ikipotea, hasara ni ya nani? Kama jibu linakuogopesha, usimtume.

Jumapili iliyopita ndugu alikuja bila saa. Alichelewa kidogo, akakaa karibu na mume wa mama yule. Tulimshukuru Mungu.

Shemasi wenu