Jumatano: Kuvuka Kidroni

Soma 1 Wafalme 2:36–46. Shimei alivunja sharti gani, naye aliadhibiwa kwa kosa lipi?

Shimei alimlaani Daudi na kumtupia mawe siku mfalme alipomkimbia Absalomu (2 Samweli 16:5–13). Baadaye Sulemani hakumfunga; alimwamuru akae Yerusalemu asitoke kwenda kokote, kwani siku atakapovuka Kidroni atakufa. Shimei mwenyewe alikubali. Akatii miaka mitatu. Ndipo watumwa wake wawili wakatorokea Gathi, akatandika punda, akawafuata, akarudi nao. Gathi iko magharibi, wala njia yake haipiti Kidroni. Lakini alikuwa ametoka.

Tanzania inayo Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Mfungwa wa miaka minne au zaidi, ambaye kosa lake halimzuii, aweza kufikiriwa baada ya kutumikia theluthi ya kifungo. Huachiwa kwa masharti. Akiyavunja, aweza kurudishwa gerezani kuendelea na kifungo kilekile.

Fikiri mtu wa Tarime aliyemkata jirani kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Ameachiwa kwa parole, na sharti moja ni asitoke wilayani bila ruhusa. Usiku yowe linapigwa: ng'ombe wa kaka yake wameswagwa kuelekea Serengeti. Kijijini kwake, mwanamume anayebaki kitandani wenzake wakifuata nyayo huitwa mwoga. Na akiwa amewahi kufungwa, watu watanong'ona kwamba anawajua wezi. Anavuka Mto Mara. Kesho yake jioni yuko nyumbani, ng'ombe wamepatikana, hakuna aliyeumizwa. Je, ni haki arudi gerezani kwa miaka kwa ajili ya safari ya siku moja?

Swali hilo limekosewa mahali. Miaka hiyo si bei ya kuvuka mto. Ni ya lile panga. Ilikuwa imesimamishwa juu ya ahadi, na ahadi ilipovunjika ikasimama palepale ilipoachwa. Ndivyo Sulemani alivyosema na Shimei: alimwuliza juu ya kiapo, kisha akamkumbusha uovu aliomtenda Daudi (mst. 42–44). Yule aliyekatwa bado ana kovu, naye pia anaishi kijijini.

Hata hivyo jambo moja halitulii. Shimei aliishi mji mmoja na mfalme, lakini hakwenda kuomba ruhusa. Mtu wa Tarime naye angeweza kumgongea mtendaji wa kijiji, au kumpigia simu afisa wake. Lakini je, alimwamini afisa huyo kiasi cha kumwamsha saa nane usiku? Msimamizi anayeonekana siku ya kosa tu hufundisha watu kujificha. Makanisa yetu yanalijua hili. Mshiriki huwekwa chini ya karipio, mwezi mmoja hadi miezi kumi na miwili, na mara nyingi hakuna mzee anayekanyaga nyumbani kwake hadi siku ya kumjadili tena.

Ezekieli 33:12–16 huongeza ugumu: haki ya jana haimwokoi anayeasi leo, wala uovu wa jana haumwangushi anayegeuka.

Maswali ya kujadili: Kama ungekuwa kwenye bodi, na yule aliyekatwa panga ameketi mbele yako, ungeamua nini juu ya mtu huyu? Katika kanisa lenu, ni nani aliye chini ya karipio sasa, na nani alimtembelea mwezi huu?