Msamaha ni wa Nani?



Vijana wakiumizana hapa Rugaaga au kambini Nakivale, neno la kwanza la wazee huwa moja: "Sameheaneni." Naielewa haraka yao. Kambi hii, iliyofunguliwa mwaka 1958, imekusanya Wakongomani, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda. Ugomvi wa watoto wawili huweza kuwa wa jamii mbili kabla ya Isha. Lakini nauliza: msamaha huo ni wa nani?

Sheria ya Uganda inaupenda upatanisho. Sheria ya Watoto ya mwaka 1996 inairuhusu mahakama ya baraza la kijiji, LC1, kusikiliza makosa ya mtoto kama kupiga na wizi, kisha kuamuru mapatano, fidia, kurudisha mali, kuomba radhi au onyo. Haina ruhusa ya kumweka mtoto mahabusu. Ni hekima, kwani mtoto anayefungwa na wahalifu wazoefu hurudi na ufundi mpya.

Basi mwenzetu anayesomea sheria na kutaka kuzima visasi vya vijana ana uwanja mpana. Ila na atazame Sura al-Baqara, aya ya 178. Hata katika mauaji, afuu iko mkononi mwa mwenye kudai damu. Hakutajwa kadhi wala mzee wa mtaa. Aya inamwita huyo ndugu wa muuaji, na inamtaka aliyesamehewa alipe kwa wema. Udugu umebaki, na deni pia limebaki.

Mtu atasema: kila mmoja akishikilia haki yake, kisasi hakitakwisha. Nami nasema, msamaha wa kulazimishwa haukimalizi, hukiahirisha tu. Aliyenyamazishwa hajasamehe, anangoja giza. Asiye na uwezo wa kukataa hana cha kusamehe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wakili wa suluhu ni kukaa na aliyeumizwa kabla ya kikao, amuulize amepoteza nini, na amwambie wazi kwamba anaweza kukataa. Kisha mkosaji asikie, akiri, alipe. Siku nyingine wakili huyo ataondoka bila mikono kushikana, na wazee watamlaumu. Na avumilie. Kumwomba mtu asamehe ni sunna njema. Kumsamehe mkosaji kwa niaba yake ni dhuluma ya pili.

Wallahu a'lam.