Kabla Hujahamia Unguja

Mwanangu,

Nimezisikia habari zako. Umekwenda Unguja kwa mara ya kwanza, ukalala siku chache Mji Mkongwe, na tangu urudi unasema Morogoro hapakaliki tena. Unataka kuacha kazi, ufunge virago, ukapange chumba Shangani. Wenzako wanakucheka. Mimi sikucheki, maana mji ule umewateka wengi kabla yako, na moyo kupenda mahali si ujinga. Ila hebu nisikilize kidogo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Jiulize kwanza ulipenda nini hasa. Uliikuta Forodhani jioni, vibanda vimewashwa taa, urojo unamiminwa bakulini na bajia zikitumbukizwa, vijana wanajirusha baharini huku jua linazama. Yote hayo ni kweli tupu. Lakini ulikuwa huna pa kuwahi asubuhi, wala mwenye nyumba wa kukudai kodi. Mtu asiye na madeni wala ratiba, mji gani usingemfaa? Basi ondoa humo raha ya likizo, utazame kilichobaki. Hicho kilichobaki ndicho cha kukifikiria.

Tena usiupende mji nusu. Wenyeji walio wengi hawakai kwenye vichochoro ulivyovipiga picha. Vuka Darajani uende Ng'ambo. Tembea Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Panda daladala mpaka soko la Mwanakwerekwe, uulize bei ya muhogo na ya samaki. Kisha nenda Mkunazini, kanisa la Anglikana liliposimama, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Utajiri uliojenga milango ya nakshi ya Mji Mkongwe una mkono wa waliouzwa pale. Ukiupenda mji, pokea na hilo.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Zile nyumba za Mji Mkongwe unazozisifia zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu, ukaingia na kutoka. Mwenye haraka akiupiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, lipu ikabanduka na ukuta ukaanza kuoza. Hata majumba makubwa huanguka: sehemu ya Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati mafundi wakiwa kazini, na watu wakafa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haipandi ngazi kuziba paa linalovuja. Anayeziba ni mtu. Kwa hiyo ukitaka kuhama, usianze kwa kuuliza utapata wapi dirisha la kutazama bahari. Uliza kuna kazi gani pale ambayo mikono yako inaiweza.

Na adabu usiisahau. Ukipita penye baraza la wazee, toa salamu usimame uitikiwe, usipite kama uliyefukuzwa. Vaa stara. Mwezi wa Ramadhani usile njiani mchana. Usimpige mtu picha mlangoni kwake bila kumwomba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku mbili zako umeshazila.

Basi fanya hivi. Chukua likizo mwezi wa Aprili, masika yamekolea, watalii wamepungua na baadhi ya hoteli zimefunga. Panga chumba Ng'ambo, si Shangani. Nunua sokoni, pika mwenyewe, zunguka ukiulizia kazi na mvua inakunyeshea. Mwezi ukiisha na bado unaupenda mji ule, njoo tuzungumze habari ya kuhama, nami nitakusindikiza mpaka bandarini Dar es Salaam. Ukiona mapenzi yamepungua, hujapoteza kitu: kazi yako utaikuta, na Unguja utakwenda kila upatapo nafasi, ukiwa mgeni mwenye adabu. Nako si haba.