Mapipa Mawili, Lori Moja

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, na inazitaka serikali za kaunti zijenge vituo vya kuokoa kile kinachoweza kutumika tena. Aprili 2024, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliongeza sharti: taka zinazooza zisitiwe tena katika mifuko ya plastiki ya kawaida, bali katika ile inayooza pamoja nazo. Ilitoa siku 90. Agosti 15 mwaka uo huo, Eldoret, makao makuu ya kaunti ya Uasin Gishu, ikakabidhiwa hati ya kuwa jiji. Mkazi wa mitaa yake ya Langas au Kapsoya, basi, ameshaambiwa wajibu wake hadi aina ya mfuko. Lakini lori likija na kumeza mapipa yake mawili kwa mkupuo mmoja, kama ilivyo desturi katika miji yetu mingi, je, bado ana deni la kutenganisha?

Waumini wengi watajibu upesi: tenda lako, Mungu huangalia nia. Jibu hilo lina heshima yake, ila limekosea mahali. Kutenganisha taka si ibada inayotimia kwa nia. Ni njia ya kufikia jambo jingine, yaani maganda yarudi udongoni yakiwa mboji na chupa irudi kiwandani. Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanafundisha kwamba hukumu ya njia hufuata hukumu ya lengo. Hakuna anayelazimishwa kutumbukiza ndoo katika kisima kilichokauka ili apate kutawadha. Hata hivyo, njia ikizibwa, wajibu haufi, unamhamia aliyeiziba. Wakristo wana mfano wa talanta katika Injili ya Matayo, na mara nyingi tunasahau kosa la yule mtumwa lilikuwa nini. Hakuiba wala hakupoteza. Alichimba shimo akaifukia amana, na kwa hilo akahukumiwa. Jaa la taka ni shimo la namna hiyo. Sehemu kubwa ya taka za miji ya Kenya ni mabaki ya chakula na mimea, na yakirundikwa yanaoza bila hewa na kutoa methani, huku mkulima wa mahindi na ngano wa Uasin Gishu akipanga foleni ya mbolea ya dukani.

Watetezi wa kaunti watasema hakuna pesa. Ingekuwa hoja nzito kama tungedai mitambo ya Ulaya. Mboji inataka uwanja, uma, maji kidogo na subira, na pa kuanzia ni sokoni, ambako majani ya kabeji na maganda ya ndizi tayari yamelundikana peke yake kabla ya lori kuyachanganya. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti kazi hii, si hisani. Wengine watasema raia ndio wakaidi. Mbona mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 tulizoea vikapu? Naam, faini ya hadi shilingi milioni 4 ilitusaidia kutii, lakini pia mbadala ulikuwepo dukani. Pingamizi moja tu ndilo linalonipunguzia ukali. Huko jaani kuna waokotaji wanaochambua kwa mikono mitupu kile tulichokivuruga, na chupa isiyopakwa mchuzi inawapunguzia maradhi. Kwa ajili yao mkazi bado ana deni, hata lori likiwa moja. Ila hilo ni deni kwa jirani, na kaunti haina haki ya kujificha nyuma yake wala kumtoza faini mtu kwa kuchanganya kile ambacho yenyewe itakichanganya asubuhi.

Wawakilishi wadi wa Uasin Gishu watakapoijadili bajeti ijayo, mwulize wako jambo moja: lori la pili limetengewa shilingi ngapi?