Kompyuta Mpya na Deni la Zamani

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hakuna mtu asiyependa kuona kitu chake kikiwa bora leo kuliko jana. Mkulima hubadili mpini wa jembe, mvuvi hubadili tanga la chombo, na mwenye nyumba hubadili makuti ya paa. Kubadili si aibu. Aibu ni kuacha kitu kiharibike mikononi mwa mtu awezaye kukitengeneza. Lakini katika kila badiliko limo swali ambalo wenye haraka hulipita bila ya kulitazama: kitu kilichobadilishwa viungo vyake ni kilekile, au ni kingine? Na kama ni kingine, nani atajibu kwa madeni ya kile cha kwanza?

Swali hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani aliyeishi yapata miaka 1,900 iliyopita, alieleza habari za merikebu ya shujaa Theseus iliyohifadhiwa na watu wa Athene. Kila ubao ulipooza waliutoa wakatia mwingine, hata wenye hekima wakagawanyika: baadhi walisema merikebu ni ileile, wengine wakasema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes alilizidisha fumbo hilo: kama mtu angaliokota mbao kuukuu na kuziunga tena kwa taratibu ya kwanza, merikebu ya kweli ingalikuwa ipi? Nilipolisoma swali hili chuoni niliona kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sikujua kuwa siku moja lingewekwa juu ya meza yangu.

Chama cha uandishi cha shule ninayofundisha kilikuwa na kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kuundwa kiwandani. Ilikuwa imechoka. Tarehe 14 Oktoba 2025 programu iliyoiendesha, Windows 10, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na watengenezaji wake kwa utaratibu wa kawaida, na toleo lililofuata halikukikubali rasmi kichakataji chetu cha mwaka 2013. Kichakataji ndicho kifanyacho hesabu zote za kompyuta, nacho hukaa juu ya ubao mama, ambao huunganisha kila kiungo na kingine kama uti wa mgongo. Wanafunzi walikuwa na shilingi 45,000, walizozipata kwa kuuza jarida lao. Walinikabidhi fedha hizo, nami nikaahidi mambo mawili: kompyuta itatengenezwa, na shilingi 12,000 zitakazobaki zitanunua kamusi sita.

Nilinunua kichakataji kipya. Kwa kuwa hakikuingia katika tundu la zamani, nilinunua na ubao mama. Ubao huo ulitaka kumbukumbu za aina ya DDR4, na zetu zilikuwa DDR3, ambazo pengo lake halilingani na lile la DDR4. Nikanunua na kumbukumbu. Shilingi 33,000 zikaisha kama nilivyokusudia. Ndipo nilipolifungua kasha, na macho yangu yakafunguka pamoja nalo. Tangu mwaka 1995 uko mtindo uitwao ATX, uliotolewa na Intel, unaopanga vipimo vya mbao hizi na vya plagi zake za umeme. Lakini kompyuta nyingi za kiwandani hufuata vipimo vyake zenyewe. Matundu ya skrubu hayakulingana. Ubao mpya ulitaka plagi ya pini 24, na kisanduku cha umeme kilichokuwamo kilikuwa na plagi ndogo ya namna nyingine. Kisanduku kipya nacho hakikuenea ndani ya kasha. Basi nilinunua kisanduku na kasha, na shilingi 11,500 za kamusi zikatoweka. Kosa halikuwa la kompyuta. Nilifungua mkoba kabla ya kufungua kasha.

Kompyuta iliamka, tena ikiwa nyepesi kama swala. Lakini ya zamani zilibaki diski, skrini na kibodi tu. Wakati huohuo wanafunzi wawili waliviokota viungo nilivyovitupa pembeni, wakavirudisha katika kasha lake, wakatia diski kuukuu iliyokuwa kabatini, nayo ikaamka pia. Zikawa kompyuta mbili juu ya meza moja. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kompyuta yetu ni ipi?"

Majibu yalikuwa matatu. Wa kwanza alionyesha kasha la zamani lenye kibandiko cha mtengenezaji, akasema kuwa jina lilipo ndipo kitu kilipo. Wa pili alikumbusha habari ya leseni: programu iliyouzwa pamoja na kompyuta kwa kawaida hufungwa na ubao mama, na mtu akiubadili kwa kutaka ulio bora huhesabiwa kuwa ana kompyuta nyingine. Kwa jibu lake, kitu ni uti wa mgongo wake. Wa tatu alisema kuwa kompyuta yetu ni ile yenye hadithi na mashairi yetu, yaani ile yenye diski. Nililipenda jibu la tatu, lakini niliona kuwa kila mmoja alijibu kwa kadiri ya alichokitaka: jina, haki au kumbukumbu. Kompyuta yenyewe haikusema neno. Haina ahadi iliyotoa, wala haidaiwi na mtu.

Hapo ndipo mwanadamu anapoachana na chombo. Sisi nasi hubadilika viungo. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha mahali pake hushikwa na nyingine. Je, aliyekopa mwezi wa Januari aweza kumwambia mdai wake mwezi wa Juni kwamba damu iliyokopa imekwisha kufa? Mahakama itamcheka, na dhamiri itamlaumu. Binadamu ni yuleyule kwa sababu hujibu akiitwa.

Yaweza kusemwa kuwa maneno haya yanamfunga mtu na jana yake milele. Aliyekuwa mwizi akatubu, je, aitwe mwizi mpaka kaburini? Hasha. Wanaomwita hivyo wanasoma kibandiko cha kasha ambalo moyo wake umekwisha kubadilishwa. Lakini toba hairudishi ng'ombe aliyeibwa. Aliyetengenea ana haki ya kuaminiwa upya. Hana haki ya kusahau alichochukua. Tena, kulipa ndiko kunakomshuhudia kuwa moyo wake ni mpya.

Nakiri kuwa nilishawishika. Nilitaka kuwaambia wanafunzi kwamba ahadi ya kamusi ilikuwa ya kompyuta ile, na mambo yamebadilika. Wangalinyamaza, kwa kuwa mimi ni mwalimu wao. Lakini nyuso zao zilinikumbusha kuwa fedha zilikuwa zao, na haraka ilikuwa yangu. Niliwasomea hesabu yote, shilingi kwa shilingi, nikawaomba radhi, nikasema kuwa kamusi zitatoka katika mshahara wangu. Nne zimekwisha kufika. Mbili bado ninadaiwa.

Kijana msomaji, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tengeneza kilichochakaa, lakini kijue kwanza kilivyo ndani. Usikitupe kiungo cha zamani kabla ya kuuliza nani aweza kukitumia. Ile kompyuta ya kasha kuukuu leo inawafundisha kupiga chapa wanafunzi wa kidato cha kwanza. Na utakapobadilika wewe mwenyewe, kwa elimu, kwa cheo au kwa mali, chukua madeni yako pamoja nawe. Kompyuta yaweza kuacha ya nyuma katika kasha lake la zamani. Mtu hawezi.